Sakitu na Soksi za Mkwe

Jumatatu, 2 Juni

Muuguzi wa zahanati alinifunga ule mkanda wa presha mkononi, akaujaza upepo, akautazama, kisha akanitazama mimi. "Mama, nani anakuudhi huko nyumbani?" Nikacheka. Akasema kila kinachonikera nikiandike, nisikipigie kelele. Basi nimechukua daftari ambalo Kitinda hakulimaliza shuleni. Mimi niliishia darasa la nne, mwandiko wangu ni kama kuku kakanyaga wino akapita, lakini vya kunikera sivikosi.

Naanza na soksi.

Kitinda ni binti yangu wa mwisho. Amerudi nyumbani na mumewe baada ya kibanda chao cha kushona viatu huko mjini kubomolewa. Mtoto kurudi ni furaha. Chumba changu nimewapa, mimi nimehamia kile cha majembe, na wala sijasikia vibaya. Lakini huyu mkwe! Soksi anazivaa mpaka zinaweza kusimama zenyewe. Akizivua anaziweka ukingoni mwa jiko, sentimita chache kutoka kwenye birika, zinaanza kufuka moshi. Mvuke wa soksi na mvuke wa chai vinakutana hewani, halafu naambiwa, karibu Mama, unywe ingali moto.

Nimempa jina, la moyoni tu. Soksi.

Baridi imeanza. Asubuhi nyasi zilinilowesha mpaka magotini.

Alhamisi, 5 Juni

Soksi kakatia kucha za miguu mezani. Moja imerukia kwenye bakuli la sukari. Nimeimwaga sukari yote. Ananiuliza, "Mama, si ungeitoa tu?" Ptu!

Jumapili, 8 Juni

Leo nimepumzika, niandike habari za shamba.

Chai yetu aliipanda marehemu mume wangu. Iko chini kabisa bondeni, kama chakula chini ya bakuli. Kule juu kwenye mteremko ana yake Jirani wa Juu, mwanamke mwenye mdomo mrefu kuliko shamba lake. Baridi hushuka mlimani kama maji. Kwake inapita, kwetu inatuama. Kila mwaka kipindi hiki silali vizuri. Watoto wangu wakubwa wana kwao. Kitinda hana. Siku nikiondoka, chai hii ndiyo yake, ndiyo itakayomlisha. Ikinitangulia kufa, mtoto wangu atabaki na nini? Na mume mwenye kucha kwenye sukari.

Kisu cha kupogolea nimekitoa kwenye kopo la mafuta ya mashine, maana nakiweka humo kisishike kutu, nimekifuta nikakitundika nyuma ya mlango. Mimi ni wa mkono wa kushoto. Visu vya watu vimepinda upande wao, nikivishika nakata vidole vyangu. Mume wangu alimfuata mhunzi, akanichongeshea hiki kimepinda upande wangu. Hakuna kingine.

Jumatano, 18 Juni

Bibi Shamba, yule afisa wa kilimo anayependa kucheka, alitukuta kwenye banda la kupimia majani. Jirani wa Juu akamuuliza, mbona mwaka huu baridi imekaa wiki mbili nzima na chai haijaungua?

"Kwa sababu imekuja polepole," akasema. "Chai ni kama nyinyi. Baridi ikianza kidogo kidogo, mnavaa sweta, mnaongeza na koti. Nayo inapunguza maji kwenye majani, inaongeza sukari. Maji yenye sukari hayagandi upesi. Majani yanakuwa mazito, meusi meusi, hayakui. Yaacheni hivyo. Msitie mbolea saa hizi, mtaiamsha."

"Na ikija ghafla?"

"Ikija ghafla inamkuta mtu bafuni."

Tulicheka banda zima. Soksi alikuwepo, alinibebea kapu. Alisikiliza mdomo wazi, kidole kimezama sikioni, kikatoka na kitu, akakitazama, akakipaka kwenye kapu langu. Kapu la majani ya kunywewa na watu. Nikajisemea, wanaokunywa chai huko duniani laiti wangejua.

Jumanne, 24 Juni

Baridi. Kitinda anakohoa, nimemfunga mtandio wangu shingoni akanuna kama mtoto. Soksi kapenga kamasi kwenye kitambaa cha meza.

Ijumaa, 27 Juni

Ajabu. Joto. Siku ya tatu sasa jua linawaka kama si msimu wake. Nimefua hata mablanketi. Chai imechangamka, kila kichaka kimetoa vichipukizi laini, vya rangi ya ndizi changa, unavikata kwa kucha tu. Nimechuma naimba. Jirani wa Juu akapaza sauti kutoka kwake, "Mama Kitinda, umepata mchumba?" Nikamjibu, "Nimempata, ni babako!"

Bibi Shamba akapita na pikipiki, akasimama, akakibonyeza kichipukizi. Hakucheka. "Joto hili linaidanganya," akasema. "Imevua sweta."

Alhamisi, 3 Julai

Nitaandika tu.

Jana jioni mbingu ilikuwa tupu, hata wingu la kuazima hakuna, na upepo ulitulia kabisa. Nilijua. Mume wangu alikuwa akisema mbingu ikivua nguo, funika mbuzi. Mbuzi unamfunika. Shamba la chai utalifunika na nini?

Alfajiri nilitoka. Bonde lote jeupe. Sakitu, umande ulioganda, umeketi juu ya kila jani kama chumvi iliyosagwa. Nikigusa kichipukizi kinavunjika ta! kama kioo. Uongo dhambi, palipendeza. Nilisimama nikiwa na aibu kwamba panapendeza.

Kitinda akaja, akanishika mkono. Soksi akaja nyuma yake amevaa koti la marehemu mume wangu, hakuomba, kamasi limemshuka mpaka mdomoni, akalipandisha kwa mvuto mmoja lilikotoka. Mbele ya msiba wangu! Akasema, "Jua lisitoke haraka." Nikamwambia, "Basi nenda ukalishike."

Jua likatoka. Sakitu ikayeyuka, majani yakabaki yamelowa, kijani kabisa, nikadhani tumepona. Mpaka tunamaliza viazi vya asubuhi, yameanza kugeuka. Kwanza rangi kama ya chai iliyomwagika kwenye nguo. Halafu kahawia. Mchana vichipukizi vyote vimelala, vimenywea, laini kama mnyoo. Nimekishika kimoja kikapasuka, kikatoa maji meusi. Nimenawa kwa majivu na harufu bado iko kwenye vidole.

Kule mteremkoni kwa Jirani kumeungua ncha tu.

Jumamosi, 5 Julai

Harufu. Ni kama mboga iliyosahauliwa kwenye sufuria yenye kifuniko, ukafunua baada ya wiki. Inaingia jikoni, inaingia kwenye blanketi. Jana mvua nyepesi ilinyesha, leo majani ya chini yameshikana kwa ute, inzi wamekuja. Inzi, kwenye baridi hii! Nimetapika nyuma ya choo.

Na watu hawana haya. Nimewaona kwenye banda la kupimia wawili watatu wakifukia majani yaliyoungua chini kapuni, juu wameweka mazuri. Nilipowakodolea macho mmoja akasema, "Mama, wanaokunywa hawaoni, watatia sukari." Nimeenda kusimama nje.

Bibi Shamba kafika mwenyewe shambani. Kachukua kijiti, kakwaruza gome la shina, akanionyesha. Chini ya gome kijani kibichi, kimelowa.

"Ni mzima, Mama. Kilichokufa ni nguo. Sasa nisikilize vizuri. Usikate."

"Nisikate uozo huu?"

"Usikate mpaka baridi iishe. Majani hayo mabaya ndiyo blanketi la shina. Ukikata, kichaka kitaona kimepogolewa, kitatoa vichipukizi vipya kwa akiba iliyoko mizizini. Sakitu ikirudi itavikuta vikiwa uchi, na mizizini hakutakuwa na kitu tena."

"Kwa hiyo niyatazame hivi hivi?"

"Uyatazame hivi hivi. Ukishindwa, geukia kule."

Nilimwitikia, ndiyo mwanangu, nimesikia. Nilisikia. Kusikia si shida.

Jumatatu, 7 Julai

Nimekata.

Leo ni siku ya soko, watu wote wanapita njia ya bondeni. Jirani wa Juu alikuwa na wenzake, akasimama kabisa, mkono kiunoni. "Jamani Mama Kitinda, shamba limekuwa kama kichwa chenye mapunye!" Wakacheka. Mwingine akaziba pua kwa kanga. Kwa mume wangu! Mtu aliyekuwa akipiga pasi hata shati la shambani.

Mimi uchafu sivumilii. Nilizaliwa hivyo. Chungu changu kikiungua nitakisugua mpaka mikono itoke damu. Nikaingia ndani, nikachukua kisu, nikaanza mistari ya njiani, ile inayoonekana. Nimekata mpaka jioni. Uozo nimeurundika, nikautupa shimoni. Vichaka vimebaki visafi, vijiti vitupu, sawasawa kama meza. Harufu ikapungua. Nikavuta pumzi ya kwanza tangu Alhamisi. Kesho naendelea mpaka ukutani, mwisho wa shamba.

Soksi alisimama kwenye njia akinitazama, anachokonoa meno kwa kijiti cha chai iliyooza. "Mama, si alisema..." Nikamwambia, "Baba, wewe kafue soksi zako kwanza, ndipo uje uninyooshe mimi."

Jumanne, 8 Julai

Kisu hakipo!

Nyuma ya mlango msumari mtupu. Nimepekua jikoni, chumba cha majembe, shimoni, chini ya mbuzi. Kitinda kanisaidia mpaka kakohoa. Soksi kakaa mlangoni anakuna nyayo, ungaunga mweupe unadondoka kwenye sakafu niliyopiga deki.

Nikamuuliza, "Umekiona kisu changu?"

Akahamia unyayo wa pili.

"Nakuuliza wewe. Umekiuza?"

Akasema, "Sijakiuza, Mama." Basi. Akaendelea kujikuna.

Presha ilipanda nikasikia masikio yanavuma. Nikasema yote, muuguzi anisamehe. Nikasema mwanamume anayekula kwa mama mkwe, analala kitanda cha mama mkwe, anavaa koti la marehemu, kisha anaiba kisu. Nikasema baridi ikiisha atafute pa kwenda. Nikamgeukia Kitinda, mwanangu, nikamwambia, "Na wewe amua, unamfuata au unabaki." Kitinda akalia bila sauti, hivyo alivyokuwa akilia utotoni. Sikuweza kula.

Alhamisi, 10 Julai

Nimejaribu kwa kisu cha kuazima. Nimejikata kidole gumba. Sehemu ya shamba iliyobaki imeachwa imeoza, na kila nikipita naziba pua.

Jumatano, 16 Julai

Baridi, ukungu. Mistari ya njiani ni misafi, inapendeza. Kwingine kote ni kama jalala. Soksi kala viazi vyake, akamalizia na maganda ya sahani ya Kitinda. Hatusemezani.

Jumanne, 22 Julai

Mistari niliyokata imetoa macho! Vinundu vidogo vyekundu kama punje za mtama, kila shina. Nimemwita Kitinda akaone. Upande ule wa uozo hakuna hata jicho moja. Nikasema, mnaona? Na ningekuwa na kisu changu, shamba zima lingekuwa limeshaamka.

Nilisema kwa sauti, mtu asikie.

Jumatano, 30 Julai

Vichipukizi vya njiani vimefika urefu wa kucha. Jirani wa Juu kavisifia. Ukungu umeondoka. Sipendi mbingu ilivyo.

Jumatatu, 4 Agosti

Imerudi.

Mbaya kuliko ile ya kwanza. Maji ya mbuzi yameganda mpaka chini. Sikutoka alfajiri, nilijifunika blanketi kichwani mpaka Kitinda akaja kunitoa. Aliniongoza kama kipofu.

Vichipukizi vya njiani ni vyeusi, vyote, hakuna kilichosalia. Si hivyo tu. Vijiti vyenyewe, vile nilivyoviacha vitupu vikapendeza, vimepasuka. Gome limefunguka kwa urefu kama mdomo, ndani kahawia, na povu jeupe linatoka kwenye ufa. Nilikwaruza kwa kucha, kichaka baada ya kichaka, nikitafuta kijani. Kahawia. Kahawia. Nilipiga magoti kwenye ile sakitu nikakwaruza mpaka shina la mwisho la mstari.

Kitinda akasema, "Mama, njoo na huku."

Sikutaka. Huko kwenye uozo sikuwa nimeingia tangu mwezi uliopita. Majani yalikuwa yamekauka sasa, yameshikana, yamening'inia kama matambara ya jikoni, na juu yake sakitu tele. Kitinda akapenyeza mkono chini yake mpaka begani. Akachukua mkono wangu akaupenyeza na wenyewe. Huko ndani hakukuwa na sakitu. Palikuwa pakavu. Akakwaruza shina.

Kijani.

Tumekwenda mpaka ukutani. Kijani, kijani, kijani.

Nimekaa chini kwenye uchafu ule na gauni langu safi, nikalia.

Alhamisi, 7 Agosti

Nimelala tu. Soksi kaniletea chai kitandani. Kikombe kina alama ya kidole chake kwa ndani. Nimeinywa.

Jumanne, 19 Agosti

Kitinda yuko zahanati kwa ajili ya kifua, Soksi kaenda kutafuta gundi ya viatu. Nyumba ilikuwa yangu. Nikasema leo ndiyo siku, nazichemsha soksi zote, iwe iwavyo. Nikaingia chumbani nikavuta boksi lake kutoka mvunguni. Mungu wangu. Nimezaa, nimeuguza, nimeosha maiti ya mume wangu kwa mikono hii, lakini boksi lile lilinirudisha nyuma hatua. Kuna nyingine zilikuwa zimeshikana. Nikaenda kuchukua fimbo ya mbuzi, nikawa nazitoa moja moja kwa ncha ya fimbo, nimefunga pua na mtandio.

Chini kabisa kitu kikagonga. Fimbo ikakivuta. Kisu changu, kimezungushiwa soksi ile ya kijivu, ile mbaya kuliko zote.

Niligeuka, Soksi amesimama mlangoni na kopo lake la gundi.

Halafu nikasikia sauti yangu, "Kwa nini hukuniambia?"

"Ningekuambia ungekichukua, Mama."

"Nilikuita mwizi. Mbele ya mkeo."

"Uliniita." Akajikuna shingo. "Lakini hukukata."

"Ulijuaje kwamba sitatafuta humu?"

Akanitazama kama vile nimeuliza jua linatokea wapi. "Mama," akasema, "nyumba hii kuna mahali pamoja tu ambapo huwezi kutia mkono. Na Kitinda naye hatii, kwa hiyo hakujua."

Nilitaka kucheka nikashindwa, nilitaka kulia nikashindwa, harufu ikaniingia kooni ikawa ni kikohozi. Akakimbia kuniletea maji. Kwenye kikombe kile kile, kidole ndani.

Nikamwambia, "Koti la marehemu, livae tu. Ila kwanza lifue."

"Ndiyo, Mama."

Hakulifua. Nimelifua mimi jioni.

Jumamosi, 6 Septemba

Mvua ya joto imenyesha wiki nzima. Bibi Shamba kaja, kakwaruza shina hapa na pale, akafuta kidole kwenye suruali. "Sasa kata."

Mistari ya njiani tumeing'oa. Itapandwa miche mipya, nayo itakaa miaka kabla haijachumwa. Watu wa soko watapita pale waone kiwanja kitupu, na Jirani wa Juu atasema atakachosema. Aseme. Kitinda kanishika bega tulipokuwa tunang'oa, hakunilaumu hata kwa jicho. Nimemwambia kwamba mumewe hana haja ya kutafuta pa kwenda. Nimemwambia Kitinda amwambie. Mwenyewe nilishindwa, maana alikuwa anakula na mdomo wazi.

Kisu kakinoa yeye, kwa jiwe lake la kunolea visu vya ngozi, kinakata unywele. Nimekinusa. Kimeoshwa kwa sabuni mara ngapi sijui, na bado kwenye mpini iko ile harufu. Haitatoka. Nimepogoa nayo siku tatu, mkono wangu wa kushoto unanuka soksi mpaka kwenye kiwiko, na chini ya yale matambara macho mekundu yamejaa kila shina.

Leo jioni nimemaliza mstari wa ukutani. Nimekifuta kisu, nimekipaka mafuta. Msumari nyuma ya mlango uko wazi. Nikautazama. Mwakani baridi itarudi, na mimi ni yule yule, uozo siwezi kuutazama.

Nikaingia chumbani kwao, nikapiga magoti, nikavuta boksi. Nikaziba pua, nikafumba macho, nikatia mkono wenyewe bila fimbo mpaka chini kabisa, nikakiacha huko.